Walimwandika mzee kwa heshima, leo wanang'oa vizimba vya kaa

Saa nne kasoro robo asubuhi, Jomvu Kuu. Ni bamvua, na maji yamekupwa hadi mbali, yakaacha tope jeusi baina ya mikoko. Nyamvula Kaviha amezama hadi magotini. Mkono mmoja umeshika kisu cha jikoni, wa pili unapapasa chini ya kizimba ukitafuta fundo la kamba.

Fundo hilo alilifunga mwenyewe miaka mitatu iliyopita, na alilifunga kwa nia lisifunguke kamwe. Sasa halifunguki. Analikata.

"Cha kumi na tisa," anasema, bila kumwambia mtu. Anakiinua kizimba, maji yanachuruzika, kisha anakikokota hadi mahali pakavu ambapo wenzake saba wanavipanga vingine.

Siku nyingine saa kama hii angekuwa analisha. Angekuwa na ndoo ya matumbo ya samaki, anafungua kifuniko baada ya kifuniko, maana kaa hufugwa kila mmoja chumba chake. Ukiwachanganya wanakulana hadi anabaki mmoja, naye hana magando. Leo vyumba vyote ni vitupu. Kaa wa mwisho waliuzwa juzi kabla hawajanenepa.

Vizimba ni sitini. Vyote vinatakiwa viwe vimeondoka kabla ya mwisho wa mwezi, na tope hili huonekana saa chache tu kwa siku. Kwa hiyo hapana muda wa kulia, ingawa mmoja wa wanawake hawa analia hivyo hivyo huku akipanga.

Nyamvula ana miaka 52. Ni mama wa watoto watano na mwenyekiti wa Kikundi cha Subira, kikundi cha wanawake wanaonenepesha kaa. Ukitazama anavyokanyaga tope, kwa ncha za vidole kwanza halafu kisigino, utadhani amezaliwa humu mikokoni. Mwenyewe anacheka akiambiwa hivyo.

"Mimi ni mtu wa Mariakani," anasema. "Kwetu maji tuliyaona ndani ya mtungi. Nilipoolewa hapa nikamwona kaa anatembea jikoni, nilipanda juu ya kitanda. Mume wangu akamwita mamake aje anitazame."

Mumewe, Gershom, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Changamwe. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2016, Nyamvula alianza kwenda Mkomani kufulia watu nguo. Ni huko alikotumwa siku moja na mama mwenye nyumba akachukue kaa watatu walioagizwa kwa mchuuzi. Alipotajiwa bei alidhani wanamtania. Nyumbani kwao Jomvu kaa kama hao walikuwa wakifungwa kwa kamba na kuuzwa kwa bei ya pakiti moja ya unga.

Alirudi na jambo hilo kichwani. Akawaambia jirani zake, nao wakawaambia jirani zao. Wakawa wanawake kumi na mmoja.

Mara ya kwanza walitia vizimba mahali tope ni laini, vikazama. Mara ya pili walitia penye mkondo, vikachukuliwa. Fedha za mchango zikaenda na maji, na waume wengine wakaanza kuuliza maswali.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Absalom Ziro.

Mzee Absalom alikuwa na miaka 79 wakati huo. Ukoo wake ni wa Rabai, lakini yeye alikulia kando ya hori hii, mkono huu wa bahari uingiao mikokoni, na tangu utoto alikuwa akivua kaa kwa chuma chenye ncha iliyopinda. Aliweza kutazama tundu la tope akakuambia kama mwenyewe yumo au ametoka, na kama yumo ni dume au jike. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto alikuwa amewaachia kaa. Alisema ni kodi.

Aliwapeleka mahali katikati ya mikoko ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Hapo tope ni gumu, mkondo ni wa pole, na hata maji yanapokupwa kabisa hubaki kidimbwi cha kiasi cha kumtosha kaa kupumua. Aliwafundisha kumfunga kaa magando bila kumvunja. Aliwafundisha kumbonyeza tumbo kujua kama amejaa nyama au maji.

Malipo alikataa. Alichotaka ni kaa mmoja kila wanapovuna, na huyo alimchagua mwenyewe, sikuzote yule aliyepoteza gando. Alisema yeye na kaa huyo wanafahamiana.

Kaa waliishi. Wakanenepa. Wanawake walipowapeleka kwa mnunuzi wa hoteli moja ya Nyali, mtu huyo aliwapima, akawasifu, kisha akauliza leseni iko wapi. Hawakuwa nayo. Akawarudishia kaa wao.

"Aliniambia, 'Mama, kaa wako ni wazuri, lakini hawana baba wala mama. Mimi nikikaguliwa nitasema nimewatoa wapi?'" anakumbuka Nyamvula.

Basi wakaanza safari ya kusajili shamba. Ilichukua miezi kumi na minne. Kulikuwa na barua ya chifu, cheti cha kikundi, idhini ya kutumia eneo la mikoko, ripoti ya mazingira, kibali cha biashara, na mwisho fomu ya ofisi ya uvuvi yenye kurasa sita. Nyamvula hakumbuki jumla ya nauli. Anachokumbuka ni kwamba alimaliza jozi mbili za kandambili.

Fomu ilijazwa uani kwake, Jumapili baada ya kanisa. Aliyeshika kalamu ni Winfred, katibu, ambaye ndiye pekee kati yao aliyemaliza kidato cha nne. Alisoma swali moja moja kwa sauti na wenzake wakajibu. Wakafika ukurasa wa pili, penye mstari wa mmiliki wa shamba.

"Niliwaambia tuandike kikundi," anasema Winfred. "Pale palikuwa na nafasi ya mtu binafsi, ya kikundi na ya kampuni. Mimi nilikuwa nishaanza kuandika."

Nani alimzuia?

"Ni mimi," anasema Nyamvula. Anaweka kisu chini ili aseme vizuri. "Gazetini usimwandike mtu mwingine. Ni mimi. Nilisema, kikundi ni nani? Pahali pana mwenyewe. Mtu akuonyeshe pahali, kisha wewe ujitangulize mbele yake? Kwetu hiyo ni dharau."

Hapo lazima msomaji aelezwe jambo, la sivyo atawaona wanawake hawa wajinga, nao si wajinga. Kule bara ya pwani alikotoka Nyamvula, mtu akikupa pa kulima, shamba lile linaitwa kwa jina lake. Utalima miaka thelathini, utavuna, utajenga ghala, na bado watu watasema unalima kwa fulani. Hakuna anayepoteza kitu. Mahindi ni yako na jina ni lake, na kila mtu kijijini anajua hivyo. Jina ni shukrani.

Wote kumi na mmoja walikubaliana, hata Winfred ambaye ni mtu wa Ukambani. Mzee Absalom mwenyewe ndiye aliyegoma.

"Nyie kina mama, mimi mnaniandika nini?" aliwauliza. "Mimi nangojwa makaburini. Andikaneni wenyewe."

Wakacheka. Wakamwambia atawazika wao kwanza. Mzee naye akacheka, akapewa wino, akatia dole gumba.

Mstari uliofuata ulitaka idadi ya wafanyakazi. Winfred akaandika kumi na mmoja. Hakuna aliyeshtuka. Kazi si walikuwa wanaifanya?

Kisha kukawa na ukaguzi. Afisa wa uvuvi aliyetumwa, Bonface Odhiambo, ni mzaliwa wa Homa Bay, na ziwa la kwao halipwi wala halijai. Aliwapigia simu akawaambia atafika saa nne asubuhi, siku fulani. Wanawake wote walijua kwamba siku hiyo ni maji mafu, na kwamba saa nne vizimba vitakuwa vimefunikwa. Hakuna aliyemwambia.

"Mtu wa serikali akikupa saa, wewe utampa yako?" anauliza Nyamvula.

Alifika saa nne kamili, viatu vinang'aa. Wakamsimamisha ukingoni wakamwonyesha maji. Wakamwambia vizimba vimo humo chini. Afisa akatazama maji, akawatazama wao, akatazama tena maji. Aliandika kwamba atarudi, na kurudi kukachukua wiki saba.

"Nilikasirika kidogo," anakiri Odhiambo sasa, akicheka. "Si kwa sababu ya maji. Ni kwa sababu walijua. Tangu siku hiyo, kabla sijaenda kokote huku, nauliza maji kwanza."

Leseni ilitoka Agosti 2023, jina la Absalom Ziro likiwa juu kwa herufi kubwa. Siku hiyo walipika pilau. Mzee aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, akaomba isomwe. Winfred akaisoma. Mzee akasema maishani mwake jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kitambulisho tu, na pale walilikosea.

Mwaka uliofuata ulikuwa mzuri, na Nyamvula hasiti kuutaja hivyo. Hoteli ilichukua kilo arobaini kila mwezi, kila kilo Sh1,200. Baada ya kununua vifaranga vya kaa na chakula, kila mmoja alibaki na kama Sh3,500. Si fedha za kumnunulia mtu gari, lakini zilikuja. Kwa fedha hizo binti yake wa mwisho, Cindy, aliingia sekondari na hakurudishwa nyumbani hata siku moja. Walipanda pia mikoko elfu mbili, kama idhini yao ilivyotaka, na wakaizungushia miti isikanyagwe.

Agosti 2024 walikwenda kuhuisha leseni. Odhiambo aliitazama tarehe ya kuzaliwa ya mmiliki, akaweka kalamu chini.

"Nilimwambia, mama, jina hili libadilisheni mapema," anasimulia afisa huyo. "Mzee ana miaka 82. Nikampa fomu ya kuhamisha umiliki kwenda kwa kikundi. Kazi yake ni dole moja tu, na shahidi. Dakika kumi, imekwisha."

Nyamvula aliikunja fomu ile, akaifunga kwenye pindo la leso, akarudi nayo Jomvu. Alikusudia kuipeleka kwa mzee wiki hiyo hiyo. Lakini wiki hiyo palikuwa na mavuno, na iliyofuata palikuwa na harusi. Septemba mzee akaanguka akitoka msalani, na hakuinuka tena vizuri.

Hapo fomu ikawa nzito.

"Utamwambiaje mgonjwa aondoe jina lake?" anauliza. "Ni kama kumpimia mtu jeneza angali anakula uji. Nyumba nzima itasikia. Itasemwa, wale kina mama wameona mzee anakwenda, wamekuja kunyang'anya."

Kikundi kilikaa mara tatu juu ya jambo hilo. Kila mara walikubaliana kwamba aende mtu. Kila mara walikubaliana kwamba mtu huyo ni Nyamvula, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, na kwa kuwa ndiye aliyekuja na wazo la jina.

Alikwenda mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Novemba. Mweri, mke wa mzee, alimwekea kigoda karibu na kitanda. Mzee aliuliza habari za kaa, kama wamekula, kama maji ya juzi yalipanda sana. Nyamvula akajibu. Akamuuliza, "Umelalaje, baba?" Mzee akasema amelala kama mtu mwenye mgongo. Wakacheka. Akaaga akaondoka, na fomu imo lesoni.

Mara ya pili ilikuwa mwishoni mwa Januari. Mzee alikuwa amekonda na macho yamekuwa makubwa. Nyamvula alikaa karibu saa nzima. Akasifu uji, akataja mvua, akamuuliza tena amelalaje. Alipoinuka, mzee alimshika mkono.

"Kuna neno jingine, mwanangu?"

"Nikasema hakuna, baba," anasimulia Nyamvula. "Nilisema hakuna."

Mzee Absalom Ziro alifariki Machi mwaka huu. Kikundi cha Subira kilipika siku zote za matanga. Wanawake walilala chini nyumbani kwa Mweri pamoja na wafiwa, kama mabinti.

Wiki mbili baadaye, Morgan Ziro, mwanawe wa kwanza, alifika shambani maji yakiwa yamekupwa. Alikuwa ameitia leseni ndani ya karatasi ya nailoni isilowe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Poleni tena."

"Tushapoa. Nimekuja kulitazama shamba la baba."

"Baba yako ndiye aliyetuonyesha hapa," Nyamvula alimjibu. "Mungu amweke pema."

"Amina. Na hapa pameandikwa ni lake." Akashusha kidole mstari mmoja. "Na nyinyi ndio hawa. Wafanyakazi, kumi na mmoja."

Hakupaza sauti. Nyamvula anasema ingekuwa afadhali angepaza, wangepata pa kumshika.

Morgan ana miaka 41 na anaishi Changamwe katika chumba kimoja na watoto wanne. Ni kibarua bandarini, kazi ambayo wiki nyingine ipo na wiki nyingine haipo. Alipotafutwa na mwandishi wa habari hizi hakukimbia. Alitoka nje, akatoa kiti.

"Watu wananifanya mwizi," alisema. "Mimi sikumshika mtu mkono aandike jina la baba yangu. Waliandika wenyewe, wakiwa na akili zao. Hela ya hospitali tulitoa sisi. Sasa baba ameacha kitu kimoja tu duniani, mnataka nikiache kwa sababu ya maneno ambayo mimi sikuyasikia?"

Alipoulizwa kama babake aliwahi kumwambia shamba ni la kina mama, alisema mzee aliongea mengi.

Kwa maelezo ya afisa Odhiambo, leseni ya mtu binafsi hufa na mwenyewe, lakini idhini ya eneo na ripoti ya mazingira vilitolewa kwa jina hilo hilo, na warithi ndio wenye nafasi ya kwanza ya kuomba upya mahali pale. Cheti cha kikundi kinathibitisha kwamba kikundi kipo. Hakithibitishi kwamba kina shamba.

Wakili waliyemwendea mjini aliwaambia wanaweza kushtaki, na pengine wakashinda. Aliwaambia pia huchukua miaka mingapi. Wakamshukuru wakatoka, maana kaa lazima wale leo.

Bila leseni, hoteli iliacha kununua mwezi wa Mei. Wachuuzi wa barabarani waliwachukua kaa kwa Sh300 kilo, na wengine walijua kinachoendelea wakasema Sh250. Cindy amekuwa nyumbani tangu Juni.

Julai, Morgan alikuja na pendekezo. Amempata mtu mwenye mtaji. Wanawake wakitaka wabaki, walishe kaa kama walivyokuwa wakilisha, na watalipwa kwa siku. Watatu kati ya kumi na mmoja walikubali.

"Siwalaumu," anasema Nyamvula. "Mmoja ana mume asiyeinuka kitandani. Mimi nilifikiri nami nibaki. Usiku mmoja mzima nilifikiri. Lakini nikaona siwezi kuomba ruhusa ya kugusa fundo nililofunga mimi."

Wale wanane waliokataa waliruhusiwa kuondoa vizimba, kwa kuwa stakabadhi za mbao na misumari zina jina la kikundi. Morgan hakubisha juu ya hilo. Mikoko elfu mbili inabaki, maana haing'oki na sheria haitaki ing'olewe. Imefika kifuani mwa mtu sasa. Mwanamke yule aliyekuwa akilia anaipapasa majani anapopita, kama mtu anayepita katikati ya watoto wa shule.

Wiki iliyopita Nyamvula alikwenda kwa Mweri kumuaga. Hakutaka mjane yule asikie kwa watu kwamba wameondoka. Walikaa jikoni. Akamwambia yote, ya fomu, ya leso, ya safari zile mbili, akamwomba msamaha.

Mweri, ambaye ana miaka 74, alimwacha amalize.

"Alijua," akamwambia. "Karatasi ile ilikuwa ikilia kila ukikaa. Ulipotoka mara ya kwanza aliniambia, 'Yule ana neno, lakini ameshikwa na haya.' Nikamwambia, basi mwite umwambie wewe. Akasema, 'Nikimwambia mimi nitakuwa nimemwaibisha. Atasema mwenyewe.' Mara ya pili akasema leo atasema. Akaninong'oneza nimtafutie wino."

Wino ulikuwa chini ya mto wake wa kulalia saa ile yote.

Nyamvula anasimulia haya akiwa amekaa juu ya kizimba kilichopinduliwa, tope likimkauka miguuni. Analia waziwazi na hajifuti. Anasema kama mzee angekuwa mkali, kama angekuwa mtu wa kuogopwa, angemwambia siku ya kwanza.

"Tulikuwa tunastahiana," anasema. "Yeye ananistahi, mimi namstahi. Basi hivyo hivyo hadi akafa."

Saa sita kasoro dakika chache, maji yanaanza kurudi, yanapita kwanza kwenye mifereji midogo. Vizimba ishirini na vinane vimeng'oka. Vingine vitangoja kesho.

Mahali wanapohamia ni ng'ambo ya pili ya hori, karibu na mfereji unaoleta maji machafu ya mitaa ya juu. Tope lake ni laini kuliko walivyotaka. Hakuna mtu aliyewaonyesha. Walipatafuta wenyewe kwa siku tisa, wakichoma fito ardhini na kuzitazama kama zinazama. Watu wawili waliowauliza waliwaambia hapo kaa hawakai. Nyamvula naye anadhani nusu yao watakufa mwaka wa kwanza.

Jumapili hii iliyopita walikaa tena uani kwake kujaza fomu mpya. Winfred alisoma hadi ukurasa wa pili. Alipofika kwenye mstari wa mmiliki aliinua kalamu na kuwatazama.

Mmoja akasema, "Tumwandike Mama Cindy. Ndiye aliyetutoa kule, na hapa ametuongoza yeye."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Walisema ni haki yake. Walisema itakuwaje wakiandike kikundi na mwenye kazi yupo.

Nyamvula anasema alihisi baridi, jua lote lile.

"Niliwaambia, mimi nawajua nyinyi. Nikiugua mtakuja mmoja mmoja, mtakaa kwenye kigoda, mniulize nimelalaje. Kisha mtarudi na karatasi yenu."

Hakuna aliyecheka. Winfred akaandika Kikundi cha Subira, na chini yake majina manane na nambari za vitambulisho. Nyamvula aliomba jina lake liwe la mwisho.

Siku iliyofuata Odhiambo alipiga simu kusema bosi wake mpya amempangia ukaguzi wa Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi. Nyamvula alihesabu siku za mwezi kwa vidole na simu iko sikioni.

"Mwanangu," akamwambia, "siku hiyo hutaona kitu. Njoo Ijumaa ya wiki ile nyingine, saa hiyo hiyo. Na uvae viatu vibovu."

Afisa akasema atakuja.

Leseni ya kwanza ilichukua miezi kumi na minne, na hakuna aliyewaahidi kwamba ya pili itakuwa ya haraka zaidi. Kwa sasa Jumatatu hadi Alhamisi Nyamvula yuko Mkomani, anafua nguo katika nyumba ile ile aliyoiacha. Siku nyingine yuko topeni, anapigilia fito. Ukimuuliza anatarajia nini hataji hoteli wala bei.

"Nataka siku nikifa, watu wanizike," anasema, "kisha kesho yake waende wakalishe kaa. Bila kumwomba mtu."